Mgeni Njoo, Mwenyeji Aponzwe

Ukitaka kwenda Lhasa leo, kujipanga kwako kutaanza na makaratasi, mabuti baadaye. Viza ya China kwanza. Kisha kibali cha kuingia Tibet, na hicho huwezi kukiomba mwenyewe. Lazima kampuni ya utalii iliyosajiliwa ikuombee. Kampuni hiyo hiyo itakupa kiongozi na gari, na kabla hujafunga begi ratiba yako itakuwa imeshaandikwa: utalala wapi, utapita wapi, utatoka siku gani. Mgeni wa kutoka nje ya nchi haruhusiwi kuzurura Tibet peke yake. Sehemu nyingi zilizo nje ya Lhasa zinataka kibali kingine cha polisi, na baadhi ya zile za mpakani zinataka cha jeshi juu ya hicho. Kama wewe ni mwanahabari au mwanadiplomasia, njia hii ya watalii si yako kabisa. Na kama ulikuwa unapanga kwenda Machi, sahau. Kila mwaka, kuanzia Februari hadi Machi hivi, wageni hufungiwa mlango.

Halafu kuna mwili. Lhasa iko mita 3,650 hivi juu ya usawa wa bahari, mara mbili ya Nairobi na zaidi. Hewa ya huko imepungua hadi karibu theluthi mbili ya ile ya Mombasa. Ukisonga mbele hadi kambi ya Everest upande wa kaskazini, utakuwa juu ya mita 5,000, yaani umeipita Lenana, na bado uko chini ya mlima.

Kwa hivyo orodha ni ndefu: vibali, dawa, jaketi, miwani ya jua, pesa taslimu, subira. Orodha kama hizi ziko tele mtandaoni na zinafanana. Lakini Tibet imekuwa na orodha zake kwa zaidi ya miaka 150, na ukizisoma zile za kale utaona kitu. Kila msafiri alijipanga vizuri sana kwa ajili ya nafsi yake. Aliyesahaulika kwenye orodha ni mwenyeji. Na mara nyingi, mwenyeji ndiye aliyelipa.

Mlango na waliokuwa nyuma yake

Watu hupenda kusema Tibet ilikuwa "nchi iliyojificha," kana kwamba Watibeti walizaliwa wanachukia wageni. Si kweli. Wafanyabiashara wa Nepal, Kashmir na Ladakh waliingia na kutoka kwa karne nyingi. Waislamu wa Kashmir walikuwa na maduka na msikiti Lhasa. Wamisionari Wakatoliki walikaa huko katika karne ya 18. Mlango ulianza kubanwa kwelikweli baada ya vita na Wagurkha wa Nepal, vilivyoisha mwaka 1792, pale wafalme wa Qing wa China walipokaza mkono wao juu ya mambo ya Tibet. Nao wakubwa wa Lhasa walikuwa wakitazama kusini, wakiona jinsi Kampuni ya Kiingereza ya India inavyokula nchi moja baada ya nyingine. Anakuja mfanyabiashara, anakuja mpima ardhi, kisha anakuja askari.

Kama umesoma historia ya Kenya hata kidogo, hutawalaumu. Kwetu pia kampuni ilitangulia. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipata hati yake mwaka 1888, na kufikia 1895 bendera ilikuwa imeshasimikwa. Tofauti ni kwamba watu wa Lhasa walikuwa na muda wa kuona sinema hiyo ikichezwa kwa jirani kabla haijafika kwao. Wakaamua: Mzungu asiingie. Na atakayemwingiza, ole wake.

Hiyo sentensi ya pili ndiyo iliyofanya kazi. Mpaka ule ni mrefu na wa milima. Hakuna jeshi linaloweza kuulinda wote. Kilichoulinda ni hofu ya watu wa kawaida. Mkuu wa kijiji akimpitisha mgeni, yeye ndiye atakayechapwa. Kwa hiyo kila mkuu wa kijiji akawa askari wa mpaka bila mshahara.

Tasbihi ya shanga mia

Waingereza wa India walikuwa na shida moja: ramani. Kaskazini ya Himalaya karatasi yao ilikuwa tupu. Kapteni Thomas Montgomerie wa idara ya upimaji ardhi aliona kwamba wenyeji wa milimani huvuka mpaka bila maswali mengi, akapata wazo la kuwafundisha wao kazi ya kupima. Mmoja wao alikuwa Nain Singh Rawat, mwalimu wa shule kutoka kijiji cha Milam, kwenye bonde la Johar. Mwaka 1863 yeye na binamu yake Mani Singh walipelekwa Dehra Dun kufundishwa.

Hebu angalia kujipanga kwao. Walifundishwa kutembea kwa hatua za urefu mmoja, kupanda au kushuka, mpaka mguu ukawa rula. Hatua 2,000 zilikuwa maili moja. Ili wasipoteze hesabu, walipewa tasbihi. Tasbihi ya Kibudha ina shanga 108, lakini ya Nain Singh ilikuwa na 100. Kila baada ya hatua 100 alisukuma ushanga mmoja, kwa hiyo mzunguko mzima ulikuwa hatua 10,000, yaani maili tano. Alishika pia gurudumu la sala, kile kikopo cha shaba kinachozungushwa kwa mkono huku mtu akiomba. Ndani, mahali pa karatasi za dua, aliweka karatasi za vipimo. Kipimajoto kilifichwa kwenye fimbo, manake ukichemsha maji na kupima joto lake unaweza kukadiria umepanda juu kiasi gani: kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka upesi kwa joto dogo. Sanduku lake lilikuwa na sehemu ya siri ya kuficha kifaa cha kupima nyota. Na zebaki, ambayo aliimwaga kwenye bakuli usiku ipate kuwa kama kioo kilicholala sawa, aliibeba ndani ya makombe ya kauri. Ndiyo, kauri hizi hizi tunazozijua pwani.

Aliondoka Januari 1865 akajaribu kuingia kupitia Nepal. Mara ya kwanza walirudishwa mpakani. Akajaribu tena amejigeuza mfanyabiashara, na Januari 1866 akaingia Lhasa. Pesa zilipomwishia, aliwafundisha wafanyabiashara wa Kinepali hesabu ili apate cha kula. Mtu yuko katikati ya kazi ya ujasusi, na bado anafundisha tuisheni! Alirudi na vipimo vya zaidi ya maili 1,200, kila maili imehesabiwa kwa mguu. Alikuwa wa kwanza kuipa Lhasa mahali pake sahihi kwenye ramani na kuipima kimo chake.

Mwaka 1877 chama cha jiografia cha London, Royal Geographical Society, kilimpa medali ya dhahabu. Ni chama hicho hicho kilichompa Sidi Mubarak Bombay medali ya fedha, yule Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, akarudi Zanzibar, akawaongoza Speke na Stanley ndani ya Afrika. Ukiangalia vizuri, hawa wawili walifanya kazi moja. Mzungu ndiye aliyeitwa mgunduzi. Aliyejua njia aliitwa msaidizi, na akipewa kitu huwa ni baada ya kazi kwisha.

Nain Singh angalau alirudi salama. Kinthup, mtu wa Sikkim asiyejua kusoma wala kuandika, alitumwa mwaka 1880 pamoja na lama mmoja kufuata mto Tsangpo ili ijulikane kama ndio Brahmaputra wa India. Yule lama akamuuza kama mtumwa, akaondoka na hela. Kinthup alitoroka, akakaa utumwani tena, na bado akaimaliza kazi aliyopewa: alikata magogo 500, akayatia alama, akayatosa mtoni 50 kwa siku ili wapimaji walio India wayaone yakitokea upande wao. Barua yake ya kuwaonya wakae macho haikumfikia aliyekusudiwa. Magogo yakapita. Hakuna aliyekuwa akitazama. Aliporudi mwaka 1884 wengi hawakumwamini, akaishia kuwa fundi cherehani Darjeeling, mpaka mwaka 1913 maofisa wawili wa Kiingereza walipofika kule na kukuta mengi aliyosema yalikuwa kweli.

Hawa wote walikuwa wamejipanga kufa. Ila kufa kwao wenyewe. Sasa njoo tumwone aliyejipanga vizuri kuliko wote, na gharama aliyoiacha nyuma.

Mwalimu Das na mwenyeji wake

Sarat Chandra Das alikuwa Mbengali, mzaliwa wa Chittagong, mwalimu mkuu wa shule ya bweni Darjeeling iliyofunguliwa mwaka 1874 kwa watoto wa milimani. Shule ile ilikuwa shule kweli, lakini ilikuwa pia mahali pa kuandaa watu watakaoisaidia serikali ya Waingereza mpakani. Das hakutaka kupita Tibet kama mwizi. Alitaka kualikwa. Kupitia mwalimu mwenzake, lama Ugyen Gyatso, alipata kibali halali kabisa kutoka monasteri kubwa ya Tashilhunpo, karibu na Shigatse: aje asome dini. Mwaka 1879 akaenda, akakaa miezi kadhaa.

Huko alipokelewa na waziri wa monasteri, mtu mkubwa aliyejulikana kama Sengchen Lama. Huyu alikuwa msomi mwenye njaa ya kujua. Aliuliza habari za sayansi, alitaka kujifunza lugha, alitaka mtambo wa kuchapisha. Alimwomba Das arudi. Mwaka 1881 Das akarudi, na safari hii alifika hadi Lhasa, akamwona Dalai Lama wa 13 akiwa bado mtoto mdogo. Familia ya Phala, wakubwa wa upande wa Gyantse, walimfungulia milango na kumjulisha kwa watu. Aliondoka akiwa na vitabu, michoro, ramani na daftari zilizojaa. Ripoti yake ikachapishwa na serikali ya India kama siri.

Siri haikukaa. Lhasa walipojua kwamba yule mwanafunzi wa dini alikuwa mtu wa Waingereza, Das alikuwa ameshafika kwake Darjeeling. Hawakuweza kumgusa. Waliobaki ndio waliokamatwa. Bwana na bibi wa Phala walitiwa gerezani na mali zao zikachukuliwa. Wageni walioandika habari hizi baadaye wanasema watumishi wengine walikatwa viungo. Naye Sengchen Lama alichapwa hadharani, kisha mwaka 1887 akatoswa mtoni akafa. Haikutosha. Kwa imani ya Watibeti, lama wa daraja lake hurudi akiwa mtoto, akatafutwa na kulelewa. Serikali ikapiga marufuku asitafutwe tena. Walimuua, kisha wakamzuia kurudi.

Das alipewa nishani na Waingereza. Akaandika kamusi ya Kitibeti inayotumika mpaka leo, akajenga nyumba Darjeeling akaiita Lhasa Villa. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Kitabu chake cha safari ni kizuri, na ukikisoma unaona aliwapenda wenyeji wake. Lakini kila ukurasa una jina la mtu, na nyumba aliyolala, na nani alimsaidia kupata nini. Ile daftari ndiyo iliyokuwa hatari kuliko zebaki na dira zote za Nain Singh.

Sisi Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Sengchen Lama ilikuwa kinyume. Mgeni alikuja, mwenyeji akaponzwa.

Yule aliyerudi kuwaombea

Kuna mtu mmoja alijifunza kwa Das, tena mara mbili. Kawaguchi Ekai, mtawa wa Kibudha kutoka Japani, aliondoka kwao mwaka 1897 akitaka kusoma maandiko ya Kitibeti kwenye chimbuko lake. Alifika Darjeeling, Das akamsaidia kujifunza lugha, na huko huko akasikia habari za Sengchen Lama.

Kujipanga kwake kulikuwa kwa aina nyingine. Alikaa milimani Nepal kwa muda mrefu akizoea hewa, akipanda vilima na mawe mgongoni ili mapafu na miguu vishike adabu. Julai 1900 akavuka peke yake, akajifanya mtawa wa Kichina. Machi 1901 akawa Lhasa, akaingia monasteri ya Sera, na kwa kuwa alijua dawa kidogo akageuka daktari maarufu mpaka akaitwa na Dalai Lama mwenyewe. Katikati ya mwaka 1902 siri ikaanza kuvuja, akatoroka kwenda India.

Yale yale yakatokea: baadhi ya waliomsaidia wakatiwa ndani. Lakini tofauti na Das, Kawaguchi hakuweza kutulia. Alikwenda Nepal kumwomba mtawala Chandra Shumsher ampelekee barua Dalai Lama, akisema yeye ndiye mwenye kosa na wale watu hawakujua lolote. Ilikuwa barua tu. Lakini katika historia yote hii, ni wachache sana waliorudi mlangoni kwa ajili ya waliobaki ndani.

Walipokuja na Maxim

Kile ambacho Lhasa waliogopa tangu mwanzo kilitokea. Mwisho wa mwaka 1903 Francis Younghusband alivuka mpaka na jeshi kutoka India. Tarehe 31 Machi 1904, mahali paitwapo Guru, Watibeti waliosimama barabarani na bunduki za utambi walimiminiwa risasi za Maxim. Waliokufa ni kati ya 600 na 700. Agosti jeshi likaingia Lhasa. Huko Waingereza wakakuta watu wakiwa bado gerezani kwa kosa la kumsaidia Das, zaidi ya miaka 20 baada ya safari yake. Wakaachiliwa.

Baada ya hapo hali ilikuwa ya kuchekesha kidogo, manake sasa Waingereza wenyewe ndio walioanza kuwazuia watu. Mfaransa Alexandra David-Néel, aliyekuwa akiishi kwenye pango upande wa Sikkim akisoma Ubudha, alivuka hadi Shigatse mwaka 1916 bila ruhusa yao. Wakamfukuza Sikkim. Na wanakijiji waliokuwa jirani naye, ambao hawakwenda popote, wakatozwa faini kwa kutomripoti. Sheria ilikuwa imebadilisha mwenyewe, lakini mgongo unaochapwa ulikuwa ule ule.

Yeye alirudi. Mwishoni mwa 1923 aliondoka Yunnan kwa miguu na Aphur Yongden, kijana wa Sikkim aliyemfanya mwanawe. Alipaka nywele wino wa Kichina, akaongeza visuko vya manyoya ya yaki, usoni akajipaka mkaa uliosagwa na kakao. Chini ya matambara alificha bastola, dira na pesa. Alikuwa na miaka 55. Februari 1924 waliingia Lhasa, wakakaa miezi miwili. Kitabu kilimpa umaarufu wa dunia. Yongden ndiye aliyekuwa akiomba chakula, akisoma bao kwa wanakijiji na kujibu maswali ya askari njiani.

Wakati huo huo kundi la Waingereza lilikuwa likijaribu Everest, nalo kwa kibali cha Dalai Lama wa 13, kilichopatikana kupitia Charles Bell. Safari ya 1921 ilikuwa na mtaalamu mkubwa kuliko wote wa mwili na hewa ya juu, Alexander Kellas. Alikufa njiani kabla hata hawajauona mlima kwa karibu. Mwaka 1922 maporomoko ya theluji yaliua wapagazi saba. Baada ya safari ya 1924, ile aliyopotelea Mallory, wakaonyesha filamu London na kuleta watawa wacheze jukwaani kama kivutio. Lhasa wakaona ni matusi. Hakuna kundi lingine lililoruhusiwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Waliokosa tabia ni wachache, waliofungiwa ni wote.

Kichwa kinachouma

Tusisahau mwili, manake mlima haujali una pasipoti ya wapi. Ofisa mmoja wa China ya kale, karibu mwaka 30 kabla ya Kristo, alionya juu ya njia za magharibi zinazopita Mlima wa Kichwa Kikubwa Kuuma na Mlima wa Kichwa Kidogo Kuuma, ambapo watu na punda hutapika. Padri Huc, aliyefika Lhasa mwaka 1846, aliandika kwamba kwenye mlima Burhan Bota kuna mvuke wenye sumu, na watu hula vitunguu saumu kujikinga. Hakukuwa na sumu. Kulikuwa na hewa ndogo tu.

Leo tunajua zaidi. Watibeti wengi wana aina ya jeni iitwayo EPAS1 inayowasaidia kuishi na oksijeni kidogo bila damu yao kuwa nzito, na utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha waliirithi kutoka kwa Denisovani, binadamu wa kale waliotoweka. Mimi na wewe hatuna. Na usinidanganye kwamba umetoka Iten. Iten iko mita 2,400 hivi. Lhasa ni zaidi ya mita 1,200 juu yake. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii nani alishinda mbio za kaunti. Kanuni ni rahisi: panda polepole, ukishapita mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, kunywa maji, ongea na daktari kuhusu asetazolamidi kabla ya safari. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi umekaa tu, shuka. Usisubiri asubuhi.

Siku hizi wengi hawapandi polepole. Ndege kutoka Chengdu inakutoa karibu mita 500 na kukutua Lhasa kwa saa mbili hivi. Reli ya kutoka Golmud hadi Lhasa, kilomita 1,142, ilifunguliwa tarehe 1 Julai 2006 na inapita Tanggula, mita 5,072, huku oksijeni ikiongezwa ndani ya mabehewa. Kazi aliyoifanya Kawaguchi na mawe mgongoni sasa inafanywa na bomba la kitini.

Orodha yako

Sasa rudi kwenye vile vibali. Jeshi la China liliingia Tibet mwaka 1950. Machi 1959 Lhasa iliasi, Dalai Lama wa 14 akakimbilia India na makumi ya maelfu wakamfuata. Watalii walianza kuruhusiwa kwa wingi miaka ya 1980. Machi 2008 machafuko yakazuka tena, wageni wakaondolewa, na tangu hapo kanuni zimekazwa. Ndiyo maana Machi inafungwa. Ndiyo maana picha ya Dalai Lama ni haramu, hata kwenye simu yako.

Wewe ukivunja kanuni, kikubwa kitakachokupata ni kuhojiwa na kurudishwa nyumbani. Utakuwa na stori ya kuambia watu. Lakini kibali chako kina jina la kampuni, na ratiba yako ina jina la kiongozi. Ana leseni, ana familia, na haendi popote wewe ukishapanda ndege. Yeye ndiye mkuu wa kijiji wa siku hizi.

Kwa hivyo ukijipanga, ongeza haya kwenye orodha, karibu na soksi nzito. Usimuulize kiongozi wako maswali ya siasa, hasa mbele ya watu wengine. Kama ana la kusema atachagua mwenyewe wakati na mahali, na asiposema, kimya chake kiheshimu. Usitoroke ratiba ili upate picha moja ambayo wengine hawana. Usipige sura za watu bila ruhusa, na hata ukiruhusiwa, fikiria kabla ya kuipandisha mtandaoni pamoja na jina la kijiji. Mtu akikukaribisha kwake chai ya siagi na chumvi, kunywa, shukuru kwa heshima, kisha usimwandike kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kumtafuta. Das aliwaandika wote, kwa mapenzi na kwa usahihi.

Kuna watakaosema basi tusiende kabisa, na hoja yao ina uzito. Wengine watasema dunia ikiacha kwenda, wale watu watabaki peke yao na mlinzi wao. Sengchen Lama mwenyewe angekuwa upande huu wa pili, nadhani. Ndiye aliyemwomba Das arudi. Alitaka mgeni. Alikuwa na maswali ya kumuuliza. Tatizo halikuwa kwamba mlango ulifunguliwa. Aliyeingia hakumwambia mwenye nyumba ametumwa na nani, na alipotoka hakuangalia nani amebaki ameushika.